Kupanua na Kupunguza Vyumba vya Diski katika Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta imekwisha kuingia majumbani mwetu kama ilivyoingia redio zama za baba zetu, wala hapana haja tena ya kujadiliana kama yafaa au haifai. Hapa Mlingotini utaikuta kompyuta moja yatumiwa na nyumba nzima: binti anayejitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne, kijana mwenye mawaidha yake na mipira yake, mama anayeandika hesabu za mwani aliouza, na baba ambaye kazi yake kubwa ni kutazama picha za jamaa walio safarini. Aghalabu kompyuta hiyo imenunuliwa Kariakoo hali imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, na huyo aliyeiuza ameigawa diski yake apendavyo yeye. Haupiti muda ila chumba kimoja kimejaa pomoni, kompyuta yajikongoja kama punda wa chokaa, na chumba cha pili ki wazi zaidi ya nusu. Vijana wengi wametuuliza khabari hii, baadhi yao wakidhani kuwa walimu wa chuo hatujui illa ubao na wino. Basi leo twapenda kuieleza kwa urefu, kwani wengi huivamia kwa papara wakapoteza vitu visivyolipika.

Diski kuu, ambayo mafundi huiita hadi diski, ndiyo ghala ya kompyuta. Ghala hiyo hukatwa sehemu, na kila sehemu huitwa patisheni. Katika kompyuta zenye Windows sehemu hizo hupewa herufi, C, kisha D, na kuendelea. (A na B zilikwisha kutolewa zamani kwa zile diski laini za kuchomeka, ndiyo sababu hesabu yaanzia C.) Watu hudhani kuwa mna kuta ndani ya diski. Hamna ukuta wowote. Mpaka wa patisheni ni nambari tu zilizoandikwa mwanzoni mwa diski: sehemu hii yaanzia mahali fulani, na urefu wake ni kadha wa kadha. Desturi hii ilikuja mwaka 1983, kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya XT yenye diski ya megabaiti 10. Katika mpango ule, orodha ya mipaka ilipewa baiti 64 tu ndani ya kipande cha kwanza cha baiti 512, na kila patisheni yataka baiti 16. Mwenye kujua kugawanya ataona mara moja kwa nini kompyuta za mpango wa zamani hazikubali patisheni kuu zaidi ya nne. Kompyuta mpya zafuata mpango mwingine uitwao GPT, na humo Windows huruhusu patisheni hadi 128, idadi ambayo hatumjui mtu wa nyumbani aliyeihitaji.

Anayecheka megabaiti 10 na akumbuke kuwa diski ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wake inchi 24, na zote pamoja zilibeba kiasi cha megabaiti 5, yaani kasida moja ya simu ya leo. Nasi hapa Tanzania, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo hayakulegezwa illa baada ya miaka mingi. Si ajabu basi wazee wengi hawakuigusa mpaka mvi zimekwisha kutoka.

Mwenye kutaka kulifahamu jambo lenyewe na ashuke pwani maji yakupwapo, ayatazame mashamba ya mwani. Kila mama ana vigingi vyake na kamba zake, na mashamba yamepangana ubavu kwa ubavu. Chukulia kuwa shamba la Mama C limejaa, na jirani yake wa kulia, Mama D, ana kamba nyingi zisizofungwa kitu. Mama D akubali kwa moyo safi kutoa nafasi, lakini ang'oe vigingi vya upande wa mbali, wa kule kulia kabisa. Je, Mama C amepata nini? Hakupata kitu. Nafasi ipo, lakini katikati yake na nafasi hiyo lipo shamba zima la mwenziwe. Hivi ndivyo inavyowafika wengi katika kompyuta.

Tutoe mfano wa nambari. Diski iliyouzwa kwa jina la gigabaiti 500, Windows itakuonesha kuwa ni 465 hivi. Usidhani umepunjwa, muuzaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Katika hizo, C ina 100 na imejaa, D ina 365 na zilizo tupu ni 260. Kijana hufungua ile programu ya Windows ya kusimamia diski (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha uandike diskmgmt.msc), akabofya D kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua amri ya kupunguza, iliyoandikwa "Shrink Volume", akatoa gigabaiti 80. Kazi yenyewe huisha upesi. Kisha huenda kwa C achague amri ya kupanua, "Extend Volume", akaikuta imefifia, haibofyeki. Hapo ndipo huanza kuhangaika, na khatari huanzia hapo. Windows hupunguza patisheni kutoka mwisho wake, na haimpanulii mtu C ila kwa nafasi tupu iliyogusana nayo upande wa kulia. Gigabaiti zake 80 ziko ng'ambo ya D.

Njia za kutokea ni mbili. Ya kwanza ni kunakili kila kilichomo katika D na kukiweka katika diski ya nje, kuifuta D, kuipanua C, kisha kuunda D mpya katika nafasi iliyobaki na kurudisha mali mahali pake. Njia hii yachosha, lakini kila hatua yake yaeleweka. Ya pili ni kutumia programu kama GParted, ambayo hutolewa bure na huwashwa kutoka katika flashi bila ya kuamsha Windows. Hiyo yaweza kuihamisha D yote isogee kulia, nafasi ikaja kukaa karibu na C. Lakini kuhamisha si kuandika nambari mbili tatu. Ni kubeba sehemu nzima kutoka pahala hata pahala pengine, na kwa diski ya kuzunguka kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati ya safari, nusu ya mali iko kwa kale na nusu iko kwa kipya.

Iko nyumba moja, si mbali na hapa tunapoandika, ambayo jambo hili liliifika. Babu wa nyumba hiyo alikuwa msomaji wa Barzanji mwenye sauti iliyojulikana, na alipofariki wajukuu walizichukua kaseti zake tatu wakazihamishia katika kompyuta. Kaseti zenyewe, kwa kuwa zilikuwa zimeota ukungu, zikatupwa. Ikawa sauti ya mzee yule haipo duniani illa katika D. Fundi mmoja aliitwa kuipanua C. Akaanza kuihamisha D mchana wa masika, kompyuta ya mezani, bila ya kile kisanduku cha akiba ya umeme kiitwacho UPS. Umeme ukakatika. Picha za arusi zilipatikana baadhi, vitabu vya hesabu vilipatikana, na katika zile kaseti tatu zikatoka dakika chache tu za moja, tena zenye kukwaruza. Mjane wa mzee hakumlaumu mtu. Aliomba awekewe hizo dakika katika simu yake, na huzisikiliza hivyo hivyo.

Kwa hiyo hatumshauri mtu yeyote aguse mipaka ya diski kabla ya kuwa na nakala ya kila kitu mahali pengine, na mahali pengine si patisheni nyingine ya diski ile ile. Tumewaona wanaonakili D kwenda C wakajiona wamejihifadhi. Huo ni kama kuweka fedha mifuko miwili ya kanzu moja. Iwe diski ya nje au flashi, kisha faili mbili tatu zifunguliwe humo humo zionekane kuwa nzima. Mwenye kompyuta ya mapajani na aijaze betri na aiache imechomekwa. Mwenye ya mezani na atafute UPS, au aiache njia ya kuhamisha kabisa.

Tena twauliza: je, ni lazima kuipanua C? Mara nyingi si lazima, na hili mafundi hawalisemi kwa kuwa halina ujira. Kinachoijaza C ni picha na video, ambazo Windows huziweka huko bila ya kumwuliza mwenyewe. Bofya kabrasha la Video kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, tafuta ukurasa wa mahali lilipo, uliambie lihamie D. Fanya vivyo hivyo kwa la Picha na la Nyaraka. Kisha mwaga pipa la taka. Kompyuta ambayo haitumiwi kulazwa usingizi mzito yaweza kufutiwa faili ya usingizi huo kwa amri ya powercfg /h off, na gigabaiti kadhaa zikarudi. Nyumba nyingi zingeishia hapo, na D isingeguswa.

Wapo wenye haja kinyume na hiyo, yaani kuipunguza C ili wapate chumba cha Linux, khasa baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na kompyuta zao zikawa hazikubali ile ya 11. Tusisahau kuwa programu huria si ngeni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutoa OpenOffice ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo, mwaka 2004. Mwenye kupunguza C atashangaa kuona kuwa tupu ni gigabaiti 200 na Windows yamruhusu kutoa 20 tu. Sababu ni kuwa ziko faili zisizosogezwa kompyuta iwapo macho, kama ile ya kumbukumbu ya ziada, ile ya usingizi, na zile za kurudishia hali ya nyuma. Moja ikiwa imekaa mbali, mpaka hauwezi kuivuka. Zizime kwanza, kisha ujaribu tena. Na kabla ya kuwasha GParted, izime Windows hali umeshika kitufe cha Shift, isije ikawa imelala nusu macho. Kompyuta nyingi mpya diski zake zimefungwa kwa kufuli la BitLocker. Ile nambari ndefu ya kufungulia iandikwe katika karatasi kabla ya jambo lolote.

Utakiona vilevile kipande kidogo kisicho na herufi, aghalabu hakifiki gigabaiti 1, ambacho mara nyingine kimekaa baina ya C na D. Hicho ni cha uokozi, hutumika Windows ikigoma kuamka. Usikifute kwa kuwa tu kinakuzuia njia. Microsoft wenyewe kiliwasumbua: Januari 2024 walitoa sahihisho la usalama la Windows 10 ambalo lilishindikana katika kompyuta nyingi kwa sababu kipande hicho kilikuwa chembamba, na watu wa majumbani wakaambiwa wakipanue kwa mikono yao kipate megabaiti 250 za wazi. Kwa mtu asiye fundi, hilo twaliona ni ombi zito.

Ukimpa fundi kompyuta, ukumbuke kuwa umempa pia picha za wake na mabinti wa nyumba yako. Diski ya nje yenye nakala na ibaki nyumbani, na ikiwezekana kazi ifanyike barazani kwako, ukiwapo.

Na aliyekwisha kufuta patisheni isiyo yake? Asiandike chochote katika diski hiyo, asiifomati, wala asiiwashe Windows iliyomo. Kufuta patisheni, kama tulivyoeleza, ni kufuta nambari katika orodha. Mali yenyewe yaweza kuwa ingali mahali pake. Iko programu ya bure iitwayo TestDisk ambayo hupekua diski nzima ikitafuta alama za mipaka ya zamani, ikaiandika upya orodha. Diski hiyo na ichomekwe katika kompyuta nyingine, kazi ifanyiwe huko. Kwa diski za kuzunguka tumaini ni kubwa. Kwa zile mpya za SSD tumaini hupungua, kwani patisheni ikiisha kufomatiwa, hata kwa ile fomati ya haraka, Windows huiambia diski kuwa nafasi hiyo haina mwenyewe, nayo diski huisafisha yenyewe kwa ndani.