Kiraka Kilichokaa Mlangoni

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kupiga magoti kwa mwenye mali, kwani msimbo wake ulikuwa huria: chukua, tafsiri, sambaza. Kuchukua hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudisha.

Mwenye mradi wa OpenOffice alikuwa kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, iliyoufungua msimbo huo mwaka 2000. Ukirekebisha kasoro na kutaka kiraka chako kiingizwe, ulitakiwa kwanza utie saini hati ya kuipa Sun umiliki wa pamoja wa kazi yako. Kisha ungoje wahandisi wake, wenye ratiba yao na bosi wao. Viraka vikalala. Anayekataliwa angalau hujua ashike njia gani. Asiyejibiwa hurudi kila asubuhi kuchungulia.

Watengenezaji wa matoleo ya Linux walichoka mapema. Wakavikusanya viraka hivyo pembeni, wakaviita Go-oo, na watumiaji wengi wa Linux wakawa wanachapa barua zao humo wakidhani ni OpenOffice yenyewe. Nyumba ilikuwa na ufa kabla ya yeyote kuutangaza.

Januari 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun. Tarehe 28 Septemba wachangiaji wakatangaza The Document Foundation pamoja na mchepuo wao wa msimbo huo, LibreOffice, uliovipokea viraka vya Go-oo bila kudai hati ya umiliki. Waliialika Oracle ijiunge na iwaachie jina la OpenOffice. Jibu lilikuwa kuwataka waliojiunga na taasisi hiyo waondoke kwenye baraza la OpenOffice.

Hapa ndipo wengi hukosea wanaposema programu huria haina mwenyewe. Leseni hukupa msimbo. Haikupi jina, wala ufunguo wa seva. Waliohama walibeba kila mstari wa msimbo, wakaacha kibao mlangoni.

Juni 2011 Oracle iliukabidhi mradi kwa Apache Software Foundation, lakini mafundi wengi walikwisha kuhama. Toleo la 4.1 lilitoka mwaka 2014, na tangu hapo ni marekebisho madogo madogo chini ya namba hiyohiyo. Hata hivyo, mtu akiuliza programu ya ofisi isiyolipiwa, bado atapatikana wa kumwambia: pakua OpenOffice.