Ofisi Inapotikisika: Yaliyowapata Mameneja wa Simu wa Chicago

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Salvatore Maddi wa Chuo Kikuu cha Chicago aliingia na timu yake katika kampuni ya simu ya Illinois Bell. Kazi yenyewe ilionekana ya kawaida kabisa: kuwahoji mameneja na wasimamizi, kuangalia afya zao, kisha kurudi kwao mwaka baada ya mwaka. Illinois Bell ilikuwa tawi la AT&T, kampuni iliyohodhi simu za Marekani kwa miongo mingi na kuajiri takriban watu milioni moja. Aliyeajiriwa humo alihesabiwa kuwa amefika. Angepanda cheo polepole, angesomesha watoto wake, na siku ya kustaafu angeondoka na malipo yake kamili.

Lakini serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuishtaki AT&T mwaka 1974 kwa kuhodhi soko. Januari 1982 kampuni ilikubali kuvunjwa, na tarehe 1 Januari 1984 matawi ya mikoani yakatengwa rasmi. Illinois Bell haikusubiri siku hiyo ndipo ianze kupunguza watu. Kwa maelezo ya Maddi, wafanyakazi wapatao 26,000 walishuka hadi 14,000 hivi katika mwaka mmoja tu. Meneja mmoja aliwaeleza watafiti kwamba ndani ya mwaka alikuwa amebadilishiwa wakubwa wake mara 10, na hakuna kati yao aliyejua kwa hakika anachotakiwa kufanya.

Watafiti wakajikuta na kitu adimu sana. Walikuwa na kumbukumbu za watu zaidi ya 400 tangu enzi za utulivu, na sasa waliweza kuwaangalia watu walewale wakiwa katikati ya msukosuko na baada yake. Ufuatiliaji huo ulidumu miaka 12. Kiasi cha theluthi mbili ya mameneja walidhoofika vibaya. Wapo waliopatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi, wapo walioingia kwenye ulevi au sonona, ndoa zikavunjika, na ubora wa kazi ukashuka. Theluthi iliyobaki ilisimama. Afya zao hazikuharibika, na baadhi yao wakafanya kazi vizuri kuliko zamani. Wote walikuwa chini ya paa moja, na barua za kupunguzwa kazini ziliwatisha wote sawasawa.

Tofauti ilitoka wapi? Jibu rahisi lingekuwa kwamba wengine wamezaliwa na roho ngumu. Suzanne Kobasa, aliyekuwa mwanafunzi wa Maddi, alikuwa amekwisha kutoa jibu lenye manufaa zaidi hata kabla ya kampuni kuvunjwa, katika makala aliyoichapisha mwaka 1979 baada ya kulinganisha mameneja waliougua chini ya mzigo mkubwa wa misukosuko na wenzao waliobeba mzigo wa aina hiyo bila kuugua. Aliona mielekeo mitatu inayokwenda pamoja. Wa kwanza ni kujihusisha, yaani mtu kubaki karibu na watu na kazi hata mambo yanapoharibika, badala ya kujifungia ofisini akisubiri barua. Wa pili ni kuamini kwamba ipo sehemu ya jambo, hata iwe ndogo, ambayo mtu anaweza kuigusa na kuibadili. Wa tatu ni kuyachukulia mabadiliko kuwa sehemu ya kawaida ya maisha, na hivyo kuuliza yanafundisha nini, badala ya kuyaona kama wizi wa utulivu ambao mtu alidhani ni haki yake.

Maddi alisisitiza jambo moja ambalo watu wengi hulisahau wanapoinukuu kazi hii. Mielekeo hiyo mitatu inahitajiana. Meneja mwenye kiu ya kushika usukani peke yake, asiye na ukaribu na watu wala nia ya kujifunza, huishia kuwa mtoa amri: anataka kila barua ipite mezani kwake na kila kosa lipatiwe mtu wa kulaumiwa. Anayejihusisha tu bila kutafuta la kufanya humezwa na huzuni za wenzake. Na anayependa mabadiliko bila mizizi yoyote hurukia kila jipya, akiwaacha walio chini yake wakizoa vipande. Kila aliyefanya kazi katika shirika lililofanyiwa mageuzi amewaona viongozi wa namna hizi tatu, na pengine amewahi kutawaliwa na wote katika mwaka mmoja.

Afrika Mashariki imeyaonja mageuzi ya sekta hiyohiyo. Tanzania iligawa Shirika la Posta na Simu mwaka 1994, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 1999, ikipata Telkom Kenya upande wa simu na shirika la posta likisimama peke yake. Mara simu za mkononi zikaingia mitaani na vijijini. Ujuzi wa kutandaza nyaya na kuhudumia swichibodi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa cheo na heshima, ukapoteza soko. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na kazi ya kupokea na kutoa fedha ikahamia kwa mawakala wa vibandani. Meneja wa tawi la benki ambaye ukubwa wake ulipimwa kwa urefu wa foleni ya wateja alilazimika kufikiri upya kazi yake ni ipi.

Ni hapo ambapo maneno kuhusu ustahimilivu huanza kutumiwa vibaya. Kampuni inapunguza watu, inawaongezea waliobaki kazi ya walioondoka, kisha inawaletea semina ya siku moja kuhusu kuwa imara. Ujumbe unaofika ni kwamba anayechoka ana udhaifu wake mwenyewe. Ushahidi wa kisayansi hauungi mkono wazo hilo. Utafiti unaojulikana kama Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot, umewafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 jijini London. Wenye vyeo vya chini walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wakubwa wao, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilihusishwa na jambo moja: nafasi finyu ya kuamua chochote kuhusu kazi yao wenyewe. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilieleza uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa hali inayotokana na mfadhaiko wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo. Halikuuhesabu kuwa ugonjwa.

Kwa hiyo swali la kiongozi kubaki imara haliwezi kutenganishwa na namna anavyogawa maamuzi. Mkuu wa idara anayeamini kwamba yeye anaweza kubadili mambo, huku wasaidizi wake hawaruhusiwi hata kupanga zamu zao, anajinunulia uimara wake kwa afya za wengine.

Kazi ya Maddi na Kobasa haikukosa wakosoaji pia. Mwaka 1987 watafiti wengine walionyesha kuwa baadhi ya maswali yaliyotumika kupima mielekeo ile yalikuwa yakipima pia tabia ya mtu kuwa na wasiwasi na huzuni, kwa hiyo haikuwa wazi kipimo kinapima nini hasa. Vipimo vilirekebishwa baadaye. Isitoshe, mameneja wa Illinois Bell wa miaka hiyo walikuwa wengi wao wanaume, wenye mishahara mizuri na nyumba zao. Mama anayesimamia kiwanda kidogo cha nguo na kulea watoto watatu ana mizigo ambayo dodoso lile halikuijua. Pamoja na hayo yote, jambo la msingi limesimama: tabia hizo si damu wala kabila, na Maddi alithibitisha imani yake kwa kuanzisha mafunzo kwa mameneja wa kampuni hiyohiyo.

Zoezi moja la mafunzo hayo linafaa kuelezwa kwa kirefu, maana linaweza kufanywa na yeyote mwenye kalamu. Meneja anaandika tatizo linalomnyima usingizi. Kisha anafikiria namna 3 ambazo tatizo hilo lingeweza kuwa baya zaidi, na namna 3 ambazo lingeweza kuwa afadhali. Halafu anajiuliza ni kitu gani kingelisogeza upande wa afadhali, na yeye mwenyewe ana mkono gani katika kitu hicho. Mtu aliyeambiwa kwamba idara yake itaunganishwa na nyingine anaweza kugundua kwamba hana uwezo wa kuzuia muungano, lakini anaweza kwenda leo kuzungumza na mkuu wa idara ile nyingine kabla uvumi haujawagombanisha. Hofu iliyokuwa na sura moja kubwa inakatwa vipande, na kimoja kati ya vipande hivyo kinashikika.

Zoezi likishindikana, Maddi alishauri mtu asikilize mwili wake na hisia zake ili aone kama kuna jambo analojificha. Mbinu hii aliichukua kwa Eugene Gendlin, aliyefundisha naye chuo kimoja. Na ikibainika kwamba tatizo kweli halibadiliki, mtu anageukia tatizo jingine analoweza kulifanyia kazi, ili asije akaamini kwamba mikono yake haifai kitu. Mafunzo yalihusu pia kusaidiana na wenzake kazini na nyumbani, usingizi, chakula na mazoezi. Mambo haya ya mwisho hayana fahari yoyote, lakini viongozi wengi huyaacha kwanza kazi inapozidi.

Mfano wa kampuni nzima upo Ford. Alan Mulally alipotoka Boeing na kuchukua uongozi Septemba 2006, kampuni hiyo ya magari ilikuwa inaelekea kumaliza mwaka kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Kila Alhamisi aliwakutanisha wakuu wa idara, na kila mmoja alitakiwa kuonyesha hali ya miradi yake kwa rangi: kijani kwa inayokwenda vizuri, njano kwa yenye mashaka, nyekundu kwa iliyokwama. Wiki za mwanzo chati zote zilikuwa za kijani. Kampuni inazama, na hakuna mwenye tatizo.

Ndipo Mark Fields, mkuu wa shughuli za Amerika, alipoonyesha nyekundu. Gari jipya la Edge lilikuwa na hitilafu kwenye mlango wa nyuma, na uzinduzi ungecheleweshwa. Chumba kilinyamaza, kwani kwa desturi ya zamani ya Ford mtu kama huyo alikuwa amejimaliza. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia Fields. Wakuu wengine wakajitolea mafundi na uzoefu wao papo hapo. Haikuchukua wiki nyingi chati zikajaa rangi zote tatu, na kwa mara ya kwanza uongozi ukaanza kuiona kampuni ilivyo.

Ford ilikopa zaidi ya dola bilioni 23 mwishoni mwa mwaka huo kwa kuweka rehani karibu mali zake zote, hata nembo yake. Ilifunga viwanda na kupunguza maelfu ya kazi, kwa hiyo haifai kusimuliwa kama hadithi isiyo na waliolia. Lakini General Motors na Chrysler zilipofilisika mwaka 2009 na kuokolewa na serikali, Ford haikuwamo.

Mtu anaweza kuweka tukio la makofi kando ya matokeo ya Chicago na kuona yanavyofungamana. Fields hakujitenga, aligusa kile alichoweza kugusa, na alikubali kwamba hitilafu ina la kufundisha. Lakini hayo yote yangebaki moyoni mwake kama aliyeketi mbele ya meza angemwadhibu. Mashirika mengi ya Afrika Mashariki bado yana taarifa za wiki ambazo zote ni za kijani, na mkurugenzi hupata habari ya mkwamo kutoka kwa dereva wake. Ustahimilivu wa meneja wa kati hauna pa kuonekana katika ofisi ya namna hiyo, na kazi ya kuupatia pa kuonekana ni ya aliye juu yake.

Wengi wa ile theluthi iliyosimama Illinois Bell walipanda vyeo ndani ya kampuni iliyozaliwa upya. Wengine walipunguzwa kama wenzao, kisha wakaanzisha kampuni zao au kushika nafasi nzito mahali pengine, wakiuza ujuzi walioupata katika miaka ileile iliyowavunja wengine.