Malori ya Makambako na Chuma cha Liganga

Kila mwenye kusafiri kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma anaujua mji wa Makambako, ambapo njia ya Njombe na Songea huachana na ile ya Mbeya. Hapo malori hayakatiki usiku na mchana: mengine huchukua mafuta na shehena za Zambia na Kongo, mengine hutoka Njombe na mbao, nguzo, viazi na chai. Yafaa kuyasoma majina yaliyoandikwa mbele yake. Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia ikakatiwa mafuta ya njia ya kusini, malori mengi yaliyopita hapa yalikuwa Fiat za Italia. Baadaye Scania za Uswidi zikapata sifa. Siku hizi macho hukutana na FAW, Howo na Shacman, yote ya China.

Twawasikia vijana wakisema kwamba Wachina ni watu wa viwanda tangu hapo. Sivyo. Kiwanda chao cha kwanza cha motokaa, ndicho hicho FAW, kilianza kujengwa katika mji wa Changchun mwaka 1953 kwa msaada wa Warusi, na lori la kwanza likatoka Julai 1956. Waliliita Jiefang, maana yake Ukombozi. Lori hilo waliendelea kulitengeneza mpaka mwaka 1986, na kwa muda wote huo halikubadilika sana. Wachina walipokuja kwetu kujenga reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, kipande kilichowatoa jasho zaidi kilikuwa kile cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki 18. Basi watu walioweza kutoboa milima ile walikuwa bado hawajui kutengeneza motokaa nzuri ya kumchukua mtu na jamaa zake.

Mageuzi yalianza pale walipokubali kufundishwa upya. Mwaka 1984 waliingia ubia na Volkswagen ya Ujerumani katika mji wa Shanghai, wakaanza kuunganisha gari liitwalo Santana. Hapa twamwomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Mwaka 1987, katika vipande vyote vya gari lile, vilivyotengenezwa nchini mwao havikufika hata 3 katika 100, navyo vilikuwa matairi, redio na antena. Vingine vyote vilikuja kwa meli. Wakuu wa Shanghai hawakuridhika. Waliweka tozo juu ya kila gari lililouzwa, na fedha hizo wakazielekeza kwenye karakana za vipuri, huku Wajerumani wakikikataa kila kipande kisichotimiza kipimo. Karakana zilirudia kazi mara nyingi. Baada ya miaka kumi hivi, vipande zaidi ya 90 katika 100 vilikuwa vya nyumbani. Kufika mwaka 2009 China iliunda magari mengi kuliko nchi yoyote duniani, na mwaka 2023 yalipita milioni 30. (Isidhaniwe kwamba hakukuwa na hasara: moshi uliifunika miji yao, na kwa miaka mingi majina ya kigeni yalistawi kuliko yao wenyewe.)

Nasi tuna habari yetu, na mahali pake ni Kibaha. Huko ndiko Scania zilikounganishwa katika miaka ya 1980, na huko ndiko liliko shirika la Nyumbu, lililotokana na mradi wa Jeshi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, likaunda lori la Kitanzania. Katika miaka ya karibuni malori ya FAW nayo yameunganishwa huko huko. Wapo wanaocheka wakisema kuunganisha si kutengeneza. Ni kweli, lakini Santana nayo ilianza hivyo hivyo. La kuuliza ni nani atakayetengeneza springi, boliti, bushi na tangi.

Jibu moja laweza kuonekana katika gereji za Makambako. Vijana wa huko huchomelea chasi iliyopasuka, hupanga springi, huunda bodi ya mbao au ya chuma, tena usiku, kwa sababu mwenye mzigo hangoji. Lakini katika nyumba nyingi bado twasikia baba akisema kwamba gereji ni ya mtoto aliyeshindwa shule. Kauli hii twaiona ya hatari. Kijana huyo mwenye mikono hodari, akifundishwa kusoma mchoro na kupima kwa sehemu za milimita, ndiye yule wa Shanghai aliyekataliwa kipande chake mara ya kwanza na kukubaliwa mara ya kumi. Asipofundishwa atabaki mchomeleaji wa vya wenzake.

Wala chuma hakiko mbali. Wahunzi wa Upangwa na Ukinga walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti kabla ya kuja Wajerumani, na majembe yao yakauzwa mbali. Katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, pana Liganga, ambapo akiba ya mawe hayo hukadiriwa kuwa tani milioni 126. Na katika wilaya iyo hiyo pana makaa ya mawe ya Mchuchuma, tani milioni 428. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili yachimbwe yote mawili. Ikapita zaidi ya miaka kumi bila tanuru kuwashwa. Mawe ya Liganga yamechanganyika na titani na vanadi, madini yenye thamani, lakini yanayofanya uyeyushaji wake kuwa kazi ya wenye elimu kubwa.

Barabara ya kwenda huko imetangulia. Kutoka Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, imemwagwa zege badala ya lami, ili ihimili mvua nyingi za milimani na malori yenye shehena nzito.