Kiozacho Hakipotei

Mavuno ya mahindi yakiisha katika sehemu za Trans Nzoia na Uasin Gishu, mabua makavu hubaki yamesimama shambani, na mkulima mwenye haraka ya kulima tena aghalabu huona dawa moja tu, nayo ni kiberiti. Kwa nusu siku shamba huwa safi, na majirani humsifu. Lakini yafaa aulizwe: vile vitu vilivyokuwamo katika mabua vimekwenda wapi?

Wengi wadhani kwamba mmea hujengwa kwa udongo. Sivyo. Majani ya mahindi huvuta hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo sisi tukipumua, na kwa nguvu ya jua huichanganya na maji yakafanya sukari, kisha nyuzi ngumu za shina. Katika kila ratili kumi za mabua makavu, ratili nne au zaidi ni ukaa uliotoka hewani. Vitu vingine, kama naitrojeni, fosforasi na potasi, vilitoka ardhini. Kwa uzito ni vichache, lakini ndivyo hivyo mkulima avinunuavyo dukani katika magunia.

Moto huurudisha ukaa hewani kwa dakika chache, na naitrojeni nyingi huondoka pamoja na moshi. Yabakiyo ni majivu, yenye potasi na chokaa, nayo mvua kubwa ya kwanza huweza kuyachukua mpaka mtoni.

Kuoza nako ni namna ya kuungua, ila ni kuungua polepole, bila mwali, ndani ya matumbo ya viumbe. Jongoo na mchwa hukatakata, nyungunyungu huvuta vipande chini, kuvu hupenyeza nyuzi zake ndani ya shina, na bakteria humaliza kazi. Katika kijiko kimoja cha udongo mwema bakteria waweza kufikia milioni elfu. Hao wote hupumua, na kwa hiyo sehemu kubwa ya ukaa hurudi hewani vile vile. Lakini sehemu nyingine hubaki ardhini kama mboji, ule weusi ushikao maji na chakula cha mizizi. Wala si kitu kidogo: udongo wa dunia una ukaa mwingi kuliko hewa yote na mimea yote ikijumlishwa pamoja.

Wako watakaopinga, wakisema, "Mimi nilizika mabua, na mahindi yangu yakawa manjano." Wasema kweli, na sababu yake yajulikana. Mabua yana ukaa mwingi na naitrojeni kidogo. Vijidudu vikipewa chakula hicho huongezeka upesi, na kwa kuwa miili yao yahitaji naitrojeni, huitwaa iliyomo udongoni kabla mahindi hayajaipata. Baadaye, vikifa, huirudisha. Lakini mche mchanga hauwezi kungoja. Basi mabua yazikwe mapema, miezi kadhaa kabla ya kupanda, au yaozeshwe kwanza nje ya shamba pamoja na samadi.

Mchwa nao wastahili neno, maana hakuna mdudu atukanwaye kuliko yeye, na mwenye nyumba ya miti ana haki ya kumtukana. Lakini wako mchwa ambao ni wakulima kama sisi. Huchukua nyasi na miti iliyokufa, hutengeneza vitanda vyake ndani ya kichuguu, na juu yake huotesha kuvu iwezayo kulainisha miti ambayo wao wenyewe hawaiwezi. Kisha hula humo. Uyoga mkubwa uotao vichuguuni wakati wa mvua, ambao wengi wetu tumeula kwa furaha, ni tunda la shamba hilo. Huko Laikipia wataalamu walipima na kutangaza mwaka 2010 kwamba miti iliyo karibu na vichuguu vya namna hiyo huzaa zaidi kuliko iliyo mbali, kwa kuwa udongo wa hapo una naitrojeni na fosforasi nyingi zaidi.

Kazi hiyo ya mchwa mkulima aweza kuifanya mwenyewe kwa rundo la mboji. Mwingereza Albert Howard aliipanga njia moja huko Indore, Bara Hindi, kati ya 1924 na 1931, akijifunza mengi kwa wakulima wa huko. Na katika miaka ya 1930 baadhi ya wenye mashamba ya kahawa hapa Kenya waliifuata. Chini tandaza vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka mabua yaliyokatwa, kisha magugu mabichi, kisha samadi na udongo kidogo. Nyunyiza maji, urudie hivyo mpaka rundo lifike kifuani. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache ukikichomoa kitakuwa cha moto, na joto hilo, ambalo huweza kufika digrii 60, huua mbegu nyingi za magugu. Kijiti kikitoka kikavu chenye ukungu mweupe, ongeza maji. Rundo likinuka vibaya, limelowa mno na kukosa hewa, basi lipindue. Hata bila uvundo, lipindue baada ya majuma matatu hivi. Katika muda wa miezi mitatu au zaidi hutatambua tena lipi lilikuwa bua na lipi jani, na ukilishika mkononi litanukia kama msitu baada ya mvua. Hapo lipeleke shambani, ulifukie kabla jua halijalikausha.