Matunda ya Nizwa, Ibra na Sur na Uzito wa Mwili

Mtu mzima huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi pale kilo zake, zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake wa mita, zinapofika 25, na zikifika 30 huwa na unene wa kupindukia. Nchini Oman, ambako maisha yamebadilika mno tangu 1970, zaidi ya nusu ya watu wazima wamefikia kiwango cha kwanza. Baadhi yao, kwa kuhofia kisukari, huyaepuka hata matunda, ilhali sukari ya tunda zima imo pamoja na maji na nyuzinyuzi, yaani sehemu za mmea zisizomeng'enywa tumboni, ambazo hujaza tumbo na kuifanya sukari iingie katika damu polepole. Utafiti wa Marekani wa 2009 ulionyesha kwamba waliokula tofaa zima kabla ya chakula cha mchana walipunguza mlo huo kwa takribani asilimia 15, hesabu ya tofaa lenyewe ikiwemo, na kwamba juisi ya tunda hilohilo haikuwashibisha vivyo hivyo.

Tende zahitaji hesabu ya peke yake. Gramu 100 za tende kavu hubeba takribani kalori 280, na chungwa la uzito huohuo kalori 47 tu. Rutabu, yaani tende laini za kiangazi ambazo bado zina maji, husimama katikati. Tende si adui, kwani zina nyuzinyuzi na potasiamu, madini yasaidiayo kushusha shinikizo la damu, lakini anayetembelea nyumba baada ya nyumba akizila pamoja na kahawa, kisha akaongeza haluwa iliyopikwa kwa samli na sukari, hufikisha kalori za mlo mzima bila kuketi mezani.

Mashamba yanywayo maji ya falaji, mifereji ya kale kama Daris wa Nizwa iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, hayana mitende pekee: chini yake huota ndimu, ndizi na maembe, na milima ya Jabal Akhdar hutoa komamanga. Kwa kuwa faida hupatikana tunda linapochukua nafasi ya kitamu kingine, si linapoongezwa juu yake, wenyeji wa Sharqiya, yenye miji ya Ibra na Sur, na wa Dakhiliya, yenye Nizwa, na watangulize sinia la matunda kwa mgeni, tende zibaki chache, na mwenye kisukari aulize daktari kiasi kinachomfaa.