Daftari la ndovu waliogeuka njia

Mafunzo yalifanyika Voi mjini, ya siku moja, kwa wafanyabiashara wadogo. Walikuwamo mama mboga, vijana wa maduka ya simu, mafundi wa bodaboda, na wakulima waliotoka Mwatate, Maungu na Sagalla. Mkufunzi, kijana anayeipenda kazi yake, aligawa karatasi na kumtaka kila mmoja aandike faida aliyoipata msimu uliopita. Mimi nilikuwa nimetumwa habari fupi tu, ya aya nne au tano.

Mama aliyeketi mbele yangu hakuigusa karatasi. Alitoa mkobani daftari la shule lililokunjika pembe, akafungua ukurasa ulioandikwa tayari, akausoma kwa sauti zamu yake ilipofika. Mahindi, magunia kadhaa. Pojo, gunia na nusu. Asali, ndoo moja isiyojaa. Halafu, kwa sauti ile ile, akasoma mstari wa mwisho wa faida zake: ndovu saba wamerudi.

Mkufunzi alimwuliza kwa adabu mstari huo una thamani ya shilingi ngapi. Mama akawaza kidogo, akajibu kwamba hajui, lakini hawezi kuufuta kwa sababu ni faida kweli. Watu wakaendelea na hesabu zao. Mstari ule ulinikaa kichwani mchana kutwa, na ndio ulionipeleka Sagalla.

Shamba lake liko chini ya mlima, kusini mwa Voi, upande ambao mashamba yanapakana na nyika. Msomaji wa kaunti hii hahitaji kuelezwa ndovu ni nini kwa mkulima. Hifadhi mbili za Tsavo zimechukua karibu asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta, na hesabu ya wanyamapori ya 2021 ilikuta ndovu wanaokaribia 15,000 katika eneo zima la Tsavo. Mvua ya vuli ikinyesha vizuri, mahindi yakaanza kushika, ndovu hupata habari mapema. Kazi ya msimu mzima huliwa kwa usiku mmoja, na kisichoingia tumboni hukanyagwa.

Ua wa shamba lake ni wa nyuki. Nguzo zimelizunguka shamba, na kila baada ya mita kumi kuna kitu kinachoning'inia chini ya kipaa kidogo cha kukinga jua. Waya umekiunganisha kila kimoja na chenzake. Ndovu akija gizani akausukuma waya ili apite, vilivyoning'inia pande zote mbili vinayumba, na nyuki wanatoka kwa hasira. Sehemu za chini za nguzo zimevikwa bati ili nyegere asipande, na mahali fulani zimepakwa grisi kuwazuia siafu. Mama alinionyesha mkwaruzo wa kucha za nyegere kwenye bati moja kwa namna mtu anavyomwonyesha mgeni kovu la vita alivyovishinda.

Ila si kila kinachoning'inia ni mzinga. Hapa ndipo niliposimama muda mrefu. Kimoja ni mzinga, kinachofuata ni kipande cha plaiwudi, kisha mzinga, kisha plaiwudi tena, hivyo hivyo hadi ua unapokutana na mwanzo wake. Ubao ule hauna nyuki, hauna nta, hauna harufu ya asali. Umewekwa kupunguza gharama, kwa kuwa mizinga ni ghali na nyuki wa kuijaza yote hawapatikani. Na hata katika ile mizinga ya kweli, siku niliyofika kadhaa ilikuwa mitupu. Kwa hiyo ua unaolinda chakula cha nyumba ile, sehemu kubwa yake ni vitu vitupu.

Nilimwuliza kama ndovu hawajagundua. Alicheka kidogo, akaukamata ubao mmoja kwa kiganja.

"Huu unakula jina la mzinga, mwanangu," alisema. "Ndovu aliyeumwa pale hataki kujaribu hapa. Lakini nyuki wakihama wote, jina litaisha. Ubao hautanisitiri usiku wa pili."

Nimesoma vitabu vingi vya kujiendeleza, vya wenyeji na vya wageni, na sikumbuki kimoja kilichosema jambo hili kwa uwazi huo. Kila biashara ina sehemu yake ya plaiwudi: kibao cha dukani, kadi, suti, maneno matamu kwa mteja. Hayo yote yanafanya kazi kweli, mama huyu hayadharau. Anachojua yeye ni idadi ya mizinga yenye nyuki. Kila asubuhi anaijua, na akiulizwa anaitaja bila kwenda kuangalia.

Wazo la ua huu halikuzaliwa hapa, ingawa ni la Kenya. Mwaka 2002 Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha walichokiona Laikipia, kwamba miti yenye mizinga ilisalimika na ndovu. Mwaka 2007 Lucy King, akiwa na hao wawili, alionyesha kwamba sauti tu ya nyuki waliochokozwa iliziondoa familia 16 kati ya 17 za ndovu ndani ya sekunde 80. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki huenda kwenye macho, mdomo na ndani ya mkonga. Sagalla ilianza kujaribu ua wa mizinga mwaka 2009, chini ya shirika la Save the Elephants, na vijiji vya Mwakoma na Mwambiti ndivyo vilivyobeba utafiti mrefu uliochapishwa mwaka 2024. Katika mashamba 26, watafiti walihesabu ndovu 3,999 waliosogea karibu. Katika misimu ya mazao kuanzia 2014 hadi 2020, hadi asilimia 86 ya waliosogea waligeuka bila kuingia.

Hizo ni takwimu za watafiti. Daftari la mama ni la kwake mwenyewe, na analijaza kwa njia yake.

Anaamka kabla ya jua na kuuzunguka ua kwa miguu, akitazama chini kuliko anavyotazama mizinga. Udongo wa Sagalla ni mwekundu na mlaini, unashika kila kitu. Alinionyesha mahali ndovu walipotoka kichakani usiku wa kuamkia siku ile. Kwanza nyayo zimenyooka, kubwa kwa kubwa, na kati yake nyayo ndogo za mtoto zinazokwenda upande upande. Karibu na waya, nyayo zinasongamana. Udongo umechimbuka kidogo, kama hatua mbili tatu zimekanyagwa mahali pamoja. Hapo, alisema, mkubwa alisimama akanusa. Mtoto alipita nyuma ya mama yake akakaa upande wa pili, mbali na mzinga. Kisha nyayo zote zinageuka, zinakwenda sambamba na ua hadi kwenye pembe, na kurudi kichakani kwa njia nyingine. Hazikuwa na haraka. Ndovu aliyeumwa hukimbia na nyayo zake huingia ndani ya udongo upande wa mbele. Hawa walikwenda polepole. Walikumbuka tu.

Akaweka unyayo wake ndani ya unyayo wa yule mkubwa, mara mbili, kuupima. Akapima na wa mtoto. Ndipo akatoa kalamu kwenye kilemba na kuandika: tarehe, ndovu watatu, mtoto mmoja, karibu na mzinga wa nne, wamerudi. Aliandika akiwa amechutama, daftari juu ya goti, akarudia kulisoma, akalifunga. Hakuna aliyemwagiza kazi hiyo. Hakuna ofisi inayolisubiri daftari lile mwisho wa mwezi. Nilipomwuliza anaandika kwa ajili ya nani, alinitazama kama mtu aliyeulizwa anakula kwa ajili ya nani.

Kisha alijibu kwa kueleza maisha ya kabla ya ua. Msimu wa mavuno familia nzima ilikesha. Walikoka moto pembezoni, wakapiga madebe, wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Watoto walikesha nao, wakaenda shule wakasinzia. Asubuhi mtu mzima aliingia shambani bila nguvu za kushika jembe. Na bado ndovu waliingia, kwa kuwa ndovu huzoea debe.

"Siku hizi nalala," alisema. "Si kila usiku. Lakini nalala, na watoto wanalala. Andika hiyo."

Nimeiandika, na ninaiamini kuwa kiini cha habari hii. Maana ukiihesabu biashara hii kwa asali, haieleweki. Utafiti ule unasema wakulima waliuza tani moja ya asali kwa dola 2,250. Igawe kwa mashamba 26, kila shamba linapata chini ya dola 90. Hakuna mkopeshaji atakayeguswa na hesabu hiyo, na hakuna mkufunzi atakayeitumia kama mfano wa mafanikio. Faida yenyewe imo kwenye mahindi yaliyobaki yamesimama, kwenye ghala, kwenye usingizi, kwenye mtoto anayemaliza somo la hesabu akiwa macho. Ni faida ya jambo ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea halina risiti. Bila daftari lile, hata yeye mwenyewe angeweza kusahau kwamba amefanya kazi.

Sisi tunaoandika kuhusu biashara tumezoea kuuliza mtu ameongeza nini. Umetoka wapi, umefika wapi, mwaka ujao utakuwa wapi. Ni maswali halali kwa mwenye duka la simu pale stendi. Kwa mtu anayelima pembeni mwa Tsavo, kazi kubwa ya maisha ni kukilinda alichonacho kisipungue, na kazi hiyo inataka akili, ratiba na ujasiri kama ile nyingine. Sijaona mafunzo yanayoiheshimu inavyostahili.

Lakini sitaki kumfanya mama huyu hadithi nzuri kuliko maisha yake. Ua huu una udhaifu mkubwa, naye ndiye wa kwanza kuusema: nyuki hawaajiriwi. Unatundika mzinga, unausafisha, unapaka nta ndani, unangoja. Wakitaka watakuja. Mvua ikikosa, maua yakakosa, wataondoka bila kuaga. Ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki Sagalla kwa asilimia 75, na asali ilichukua zaidi ya miaka mitatu kurudi. Kisha ukaja ule ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu ya mvua ikafeli mfululizo. Mwaka ambao mkulima hana kitu ndio mwaka ambao mlinzi wake naye anahama, na ndovu wenye njaa na kiu wanazidi kuvisogelea vijiji.

Nilimwuliza alifanya nini miezi hiyo. Alisema aliuzunguka ua kama kawaida. Aliondoa utando wa buibui kwenye mizinga mitupu, akafukuza nondo wa nta, akaweka maji kwenye karai lenye vijiti ndani ili nyuki yeyote atakayepita asizame akinywa. Maji hayo aliyabeba mwenyewe, wakati nyumba nayo ilikuwa ikihesabu maji kwa kikombe. Ziko kurasa za daftari za kipindi hicho ambazo zina tarehe tu na neno moja: hakuna. Ameziandika zote.

Jirani yake aliacha. Alishusha mizinga, akaiuza, akaenda kutafuta kibarua Mombasa. Mama hamlaumu hata kidogo, na mimi sijui nani kati yao aliamua vizuri zaidi. Kijana wake mkubwa anapenda nyuki lakini anataka bodaboda, kwa sababu bodaboda hulipa jioni ya siku ile ile. Je, amwambie angoje? Angoje nini, na kwa miaka mingapi? Nilitarajia ana jibu, kwa kuwa ana majibu ya mambo mengi. Alinyamaza, kisha akaanza kunieleza habari za alizeti aliyopanda upande wa chini, kwa kuwa ndovu hawaipendi sana na nyuki wanaipenda.

Lipo pia swali lisilo lake kulijibu. Ndovu hawa ni wa taifa. Watalii hupita lango la Voi kuwaona, na fedha zao huenda mbali kuliko Sagalla. Kwa nini gharama ya kuwarudisha kichakani bila kuwadhuru ibebwe na mwanamke mwenye daftari la shule? Anaumwa na nyuki wake mwenyewe, ananunua waya, anabadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa. Anayaita hayo matumizi ya shamba. Mimi nayaita kazi ya umma inayofanywa na mtu binafsi kwa mfuko wake.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na ikatoa nafasi ya fidia kwa mazao yaliyoharibiwa, kupitia kamati ya kaunti. Wakulima wa Taita Taveta wanajua malipo hayo yanavyochelewa. Ila hata yakilipwa siku hiyo hiyo, fidia ni ya aliyekwisha kupoteza. Mkulima aliyezuia hasara hana fomu ya kujaza. Wabunge na waheshimiwa wa kaunti wakikaa tena kuizungumzia sheria hiyo, waweke fungu la waya, nguzo, mizinga na maji ya nyuki wakati wa kiangazi, na kabla ya kuandika kiasi, waende Mwakoma na Mwambiti wakaulize ua mmoja unagharimu shilingi ngapi kwa mwaka. Kuna watu kule wameandika.