Dawa Inayosubiri Mwanga, Chini ya Jua la Nairobi

Wino wa buluu wanaoutumia wapiga chapa wa River Road, katikati ya Nairobi, hutokana na ftalosianini, kemikali yenye umbo la pete na shaba katikati. Ondoa shaba, weka zinki, na rangi hiyo itakuwa na kazi nyingine kabisa: ikimulikwa kwa mwanga mwekundu, huichochea oksijeni iliyo jirani hadi ikaua seli. Profesa Tebello Nyokong, mzaliwa wa Lesotho, amezitafiti kemikali za jamii hii kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, akilenga saratani. Mwaka 2009 alitunukiwa tuzo ya L'Oréal-UNESCO.

Tiba ya mwanga yenyewe si ngeni. Mgonjwa hudungwa dawa, husubiri siku mbili hivi, kisha daktari humulika uvimbe tu. Dawa ya Photofrin iliidhinishwa Kanada mwaka 1993, na Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya umio, ugonjwa unaoua Wakenya wengi, hasa upande wa Bomet. Mwanga hupitishwa kooni kwa uzi mwembamba, na aliyeshindwa kumeza hata chai anaweza kumeza tena.

Tatizo ni kwamba Photofrin hung'ang'ania ngozini. Mgonjwa hutakiwa kulikwepa jua kwa siku 30 au zaidi. Toronto mwezi wa Januari, hilo linawezekana. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Anayetoka Hospitali ya Kenyatta hutembea hadi steji ya Barabara ya Ngong, akapanda matatu ya Kawangware, na kesho yake ana kibanda cha mboga cha kufungua. Mwezi mzima ndani ya nyumba, watoto watakula nini?

Ndiyo maana nasema dawa ya kumfaa Mkenya ipimwe kwanza kwa wepesi wake wa kutoka mwilini, ndipo tuulize ukali wake. Inawezekana. Padeliporfin, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume, hutoka mwilini upesi mno. Japani ilipita njia nyingine: mwaka 2020 iliidhinisha dawa ya saratani ya kichwa na shingo ambayo rangi yake, ftalosianini yenye silikoni, imefungwa kwenye kingamwili inayoitafuta seli ya saratani.

Wanakemia wa kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, jirani na Westlands, wako kilomita chache tu kutoka wodi za Kenyatta. Natamani wakae na madaktari wa huko kabla molekuli haijachorwa, kwa sababu muda wa dawa kukaa ngozini huamuliwa hapo, kwenye karatasi ya mwanakemia.